Mazda Roadster ya mtumba: NA, NB, NC au ND, ipi niagize Dar?

Mzizima07 aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Nataka kuagiza Mazda Roadster kutoka Japani, ile ambayo nchi nyingine inaitwa MX-5. Iwe ya gia ya mkono, ya kutembelea wikiendi na safari fupi za Bagamoyo, siyo ya kwenda nayo kazini kila siku. NA, NB, NC na ND ni vizazi vyake vinne kwa kufuatana, na nimebaki na vitatu kichwani: NA ya 1.6 yenye taa zinazochomoza, NB ya 1.8 na NC ya 2.0 yenye paa gumu linalojikunja kwa mota.

Ninachotaka kujua ni hiki: ukiacha sura, tofauti ya kweli iko wapi? Kipi kinaharibika kwenye kila toleo na kwa nini? Paa la turubai na paa gumu, lipi linavumilia jua na mvua zetu? Na spea, hasa zile za kila siku, zinapatikana Kariakoo au kila kitu ni kuagiza? Urefu wangu ni mita 1.86, kama hilo lina maana. Fundi nilienaye anazijua Toyota na Mazda za kawaida, hajawahi kushika gari la aina hii.

---

SpanaKumi alijibu:

Mkuu, kabla ya kuchagua herufi, elewa kwamba Roadster ya NA na NB huuawa na kutu, na kutu yenyewe inaanzia kwenye paa. Injini utaipata, giaboksi utaipata, ila bati la chini ya mlango likishaoza umenunua kazi ya kuchomelea.

Inakuwa hivi. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai yanakusanywa na mfereji wa mpira nyuma ya viti, halafu yanaingia kwenye matundu mawili, moja kila upande karibu na mnara wa mkanda wa kiti. Kutoka hapo yanashuka kwa bomba hadi chini ya gari, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani na vumbi vikiziba bomba, maji yanafurika na kuingia ndani ya bati la chini ya mlango, na yanakaa humo wiki nzima. Kutu inatokea ndani kuja nje, kwa hiyo ukiona kimalengelenge kidogo cha rangi mbele ya tairi la nyuma, ndani kumekwisha zamani.

Kupima ni rahisi. Fungua paa nusu, mimina nusu lita ya maji taratibu kwenye kila tundu, mwenzako achungulie chini. Maji yatoke mara moja, pande zote mbili, kwa mkondo na siyo kwa matone. Yasipotoka, zibua kwa uzi mnene wa plastiki kama ule wa mashine ya kukatia majani. Usitumie waya mgumu wala upepo wa kompresa, maana bomba linachomoka sehemu yake na baada ya hapo maji yote yanaishia ndani ya bodi. Kisha bonyeza kwa dole gumba kona ya chini kabisa ya bati, pale linapokutana na tao la tairi la nyuma. Pitisha na sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba: isiposhika, hapo kuna puti.

Sasa matoleo.

NA ilitoka 1989, Japani ikauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ya kwanza ni 1.6, injini B6, nguvu farasi 120, uzito kilo 940 tu. Namba ya chesisi inaanza na NA6CE. Kuanzia 1993 ikaja 1.8, injini BP, farasi 130, chesisi NA8C. Watu wanaiona ile tofauti ya farasi 10 wanasema ni ndogo. Kilichobadilika hasa ni vitu vya chini. Difu ya 1.6 ina ringi ya inchi 6 na haipendi kubebeshwa nguvu zaidi, wakati ya 1.8 ni inchi 7 na inadumu. Diski za breki za mbele zilitoka milimita 235 zikawa 255.

Kwenye 1.6 za mwanzo, hadi katikati ya 1991 hivi, angalia puli ya krenki. Ukiona nafasi nne kwenye uso wake, ni krenki yenye pua fupi. Zikiwa nane, ni ile iliyoboreshwa. Krenki ya pua fupi inakula njia ya ufunguo wake: boliti ikilegea kidogo, puli inaanza kucheza, taimingi inahama, nguvu zinapungua na mwisho krenki imekwisha. Gari likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyaga mafuta, itazame puli kwa ubavu. Ikiyumba, achana nalo hata kama limepakwa rangi mpya.

Mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000. Injini za NA mkanda ukikatika valvu hazigongi pistoni, gari linazima tu, lakini hiyo siyo sababu ya kuahirisha. Ukifungua, badilisha pampu ya maji hapo hapo kwa sababu huwezi kuitoa bila kuutoa mkanda, pamoja na tenshena na sili za kamshafti na krenki.

Jambo moja linalowatia watu hasara: ukiona oili inateremka nyuma ya injini ikilowesha nyumba ya klachi, fundi atakwambia ni sili ya nyuma ya krenki, shusha giaboksi. Kwanza kagua sensa ya kamshafti iliyo nyuma ya silinda hedi. Ina ringi moja ya mpira ambayo ikikauka inavujisha, na oili inateremka njia ile ile. Ringi ni ya bei ndogo sana na kazi yake haihitaji kushusha kitu.

NB ilikuja 1998, taa zikawa za kudumu na dirisha la nyuma la paa likawa kioo. Kwa Dar hilo la kioo lina maana kubwa. Dirisha la NA ni plastiki yenye zipu, na jua linaligeuza la njano halafu linapasuka kwenye mkunjo. Ukiwa na NA lazima ufungue zipu kwanza, ulaze dirisha chini, ndipo ukunje paa. Paa la NB lenye kioo linaingia kwenye NA bila kubadilisha chochote kwenye bodi, kwa hiyo anayepaswa kubadilisha turubai ya NA bora aweke hilo moja kwa moja.

Kati ya NB, tafuta 1.8 ya kuanzia 2000, chesisi NB8C, yenye S-VT, yaani mfumo wa kubadilisha taimingi ya valvu. Japani waliitangaza kwa farasi 160 na ina giaboksi ya gia 6. NB ya 1.6 ni NB6C, gia 5, na ni gari zuri kabisa kwa matembezi.

Oili ya giaboksi ya gia 5 ni lita 2, 75W-90 ya daraja la GL-4. Usikubali fundi aweke GL-5 ya difu, kwa sababu kemikali zake hazipatani na shaba ya sinkro. Gia ya pili kugoma asubuhi kabla oili haijapata moto ni tabia ya magari haya. Ikigoma hata likiwa la moto, ni ugonjwa.

---

KonaKali alijibu:

Nakubaliana na SpanaKumi kuhusu kutu, lakini kwa mahitaji ya Mzizima07 ningeenda NC, tena NC iliyotengenezwa baada ya marekebisho ya Desemba 2008. Sababu ya kwanza ni spea.

NC ya Japani ilikuja na injini moja tu, 2.0 ya LF-VE, chesisi NCEC. Hiyo ni familia ile ile ya injini iliyo kwenye Atenza, Premacy na Axela ya kizazi cha kwanza. Koili, plagi, filta ya oili na sensa kadhaa unazipata dukani kwa kutaja Atenza, bila hata kutamka neno Roadster. Fundi wa Mzizima07 keshaifungua injini hii mara nyingi. Kinachotofautiana ni vitu vinavyotokana na injini kulazwa kwa urefu badala ya kukingamishwa: sampu, manifoldi, mipangilio ya mabomba ya maji. B6 na BP nazo ziliwahi kuwa kwenye Familia, lakini Familia zenyewe sasa zinapungua barabarani na spea zinapungua nazo.

Pili, cheni. LF-VE haina mkanda wa taimingi. Cheni yake inadumu ikipewa oili kwa wakati: lita 4.3 za 5W-30 pamoja na filta. Injini hii haisamehi kuendeshwa ikiwa na oili pungufu, bering za krenki ndizo zinazolipa. Chukua mazoea ya kuvuta dipstiki kila unapojaza mafuta, siyo kila sevisi.

Tatu, marekebisho ya 2008 yaliweka krenki na koni-rodi za chuma cha kufua kwenye gari la gia ya mkono, na mwisho wa mizunguko ya injini kwa dakika ukapanda kutoka 7,000 hadi 7,500. Kwa matembezi ya Bagamoyo huhitaji 7,500, ila ni injini imara zaidi ndani.

Ugonjwa wa NC unaohusu Dar moja kwa moja ni tanki la akiba la maji ya rejeta. Ni la plastiki, linabeba presha ya mfumo wote, na mfuniko wa presha uko juu yake. Likizeeka linabadilika kutoka jeupe kuwa la kahawia, halafu linapata ufa mwembamba kwenye mshono. Ufa huo hauvuji gari likiwa baridi. Unavuja kwenye foleni, gari likiwa la moto, maji yanarushwa yanakauka juu ya injini, na wewe unaona tu mshale umepanda. Mara nyingi gasketi ya silinda hedi inaondoka na hilo. Gari likishuka bandarini tu, weka tanki jipya na mfuniko mpya kabla ya kitu kingine. Chini ya boneti, tafuta michirizi myeupe au ya kijani iliyokauka kuzunguka tanki: ukiiona, lilishavuja.

Kuhusu paa gumu. Linaongeza kama kilo 37, linafunguka kwa sekunde 12, na halikuli buti, hiyo ni kazi safi sana waliyoifanya. Unavuta komeo la katikati kwa mkono, unabonyeza swichi, mota zinafanya yaliyobaki. Gari lazima liwe limesimama. Jua halilili kama turubai, na Dar ukiegesha nje mchana kutwa utaona tofauti kwenye joto la ndani. Ila lina swichi ndogo nyingi zinazoiambia kompyuta kila kipande kimefika wapi. Moja ikikosea, paa linasimama katikati, halifungi halifunguki, na mvua haikungoji. Kwa hiyo sharti la kununua: muuzaji atume video ya paa likifunguka na kufunga mara mbili mfululizo, bila kukata, sauti ikiwemo. Picha ya paa lililofunguka haithibitishi chochote.

Na matundu ya maji aliyoyaeleza SpanaKumi yapo kwenye NC pia, ya turubai na ya paa gumu. Inua kapeti nyuma ya viti uguse kwa mkono.

Usisahau: NC haina tairi la akiba. Ina kompresa ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha, na dawa hiyo ina mwisho wa matumizi. Ya kwenye gari la mtumba imekwisha muda wake karibu mara zote.

---

Kilindini_KE alijibu:

Kwa wasomaji wa Kenya, swali hili lina jibu moja kwa gari la kuagizwa. Sheria ya miaka 8 inahesabiwa kutoka usajili wa kwanza, kwa hiyo mwaka 2026 ni gari la 2019 kuendelea. NA, NB na NC zote zimefungiwa nje. Zilizopo nchini ndizo hizo, utanunua kwa mwenyewe. Uganda kikomo ni miaka 15, nako NC zinamalizikia. Kinachobaki ni ND.

ND ya turubai ya Japani ni 1.5, chesisi ND5RC, farasi 132 kwa zile za 2018 kuendelea, na toleo jepesi kabisa lina kilo 990. Injini ni P5, ndugu ya ile ya Demio na Axela za 1.5, kwa hiyo filta na plagi hazikusumbui Nairobi wala Mombasa. RF, chesisi NDERC, ina 2.0 na paa gumu linalofunguka lenyewe kwa sekunde 13, hata ukitembea chini ya kilomita 10 kwa saa. Lakini RF inabakisha nguzo za nyuma. Anayetaka anga lote juu ya kichwa achukue turubai.

Angalia daraja la gari. "S" yenyewe, ile ya bei ya chini ya gia ya mkono, haina stabilaiza ya nyuma wala difu ya kuzuia tairi moja kuteleza. "S Special Package" inavyo vyote viwili. "RS" inaongeza shokapu za Bilstein, ambazo ni ngumu: kwenye barabara yenye viraka utazihisi mgongoni. Kwa matumizi ya pwani, S Special Package inatosha.

Mambo mawili ya ND ambayo wauzaji hawasemi. Kwanza, boneti ina vilipuzi vidogo vinavyoinyanyua gari likigonga mtu, na sensa iko kwenye bampa la mbele. Gari lililogongwa mbele hata kidogo linaweza kuwa limevilipua, na hapo utanunua vipya pamoja na kurekebisha kompyuta yake. Taa ya onyo isiyozimika kwenye dashibodi ni dalili. Pili, nyingi zina mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani, na betri zake ni za aina maalum. Betri ya kawaida itawasha gari leo, lakini haitadumu.

Urefu wako, Mzizima07, una maana. NA na NB stelingi haisogei kabisa. NC inapanda na kushuka tu. ND ndiyo ilipata stelingi ya kuvutwa mbele na nyuma, nayo ni kuanzia marekebisho ya 2018. Mita 1.86 kwenye NA, kichwa kitagusa turubai na magoti yatagusa stelingi. Wenye NA warefu hufumua kava la kiti wakapunguza sponji ya chini, sentimita mbili tatu. Inasaidia kweli, ila ijaribu kabla hujalipa, siyo baada.

---

Mvuke_Leicester alijibu:

Kwa mtu anayefikiria kuagiza kutoka Uingereza kwa sababu nako usukani uko kulia: bei huku zinavutia, lakini barabara zinamwagiwa chumvi kila majira ya baridi na magari yanaonyesha. NB ndiyo inayoumia vibaya kuliko zote. Mbali na bati la chini ya mlango, ina mihimili miwili ya mbele ya chesisi yenye bati la tabaka mbili, na maji yakikaa kati ya tabaka hizo muhimili unavimba kisha unapasuka kwa chini. Huwezi kuiona bila kulala chini ya gari na tochi. Muhimili huo ndio unaobeba mguu wa mbele, siyo pambo.

Faida moja ya gari la huku ni kwamba historia ya ukaguzi wa kila mwaka inasomeka bure mtandaoni kwa namba ya gari tu. Tafuta humo kila palipoandikwa habari ya kutu, na mwaka gani. Gari lililoandikiwa kutu mwaka mmoja na mwaka uliofuata haikuandikwa tena, ama limechomelewa ama limepakwa lami nyeusi. Uliza lipi.

Kuna pia NC ya 1.8 yenye gia 5 huku, ambayo Japani haikuuzwa. Usishangae ukiiona.

---

SpanaKumi alijibu:

Niongeze la kodi, kwa sababu watu wanachagua injini ndogo wakidhani wanaokoa. Kwa Tanzania 1.6, 1.8 na 2.0 zote ziko kundi moja la ushuru wa bidhaa, lile la cc 1001 hadi 2000. Kinachouma ni umri: miaka 8 hadi 10 unaongezewa asilimia 15, ukizidi 10 ni asilimia 30. Kwa hiyo NA ya 1992, NB ya 2002 na NC ya 2009 zote zinabeba asilimia 30 ile ile. Ingiza gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata senti moja.

Na hewa baridi. NA za mwanzo zilitumia gesi ya R12. Kama haijabadilishwa kwenda R134a, unahitaji vichwa vipya vya kujazia, oili ya kompresa inayoendana na gesi mpya, na kichujio kipya. Kujaza tu gesi mpya juu ya oili ya zamani ni kuiua kompresa.

---

Mzizima07 alijibu:

Asanteni sana, mmenifungua macho. NA nimeitoa, kwa urefu wangu na hilo la dirisha. Nina karatasi mbili za mnada mezani:

Ya kwanza, NB8C ya 2001, RS, gia 6, km 84,000, daraja 4, mchoro wa bodi una A1 tatu na U1 moja, sehemu ya chini pameandikwa S.

Ya pili, NCEC ya 2009, RS paa gumu, gia 6, km 97,000, daraja 3.5, A2 mbili, W2 kwenye bawa la nyuma kulia, hakuna S popote.

Ya kwanza ina daraja zuri na kilomita chache. Mngechukua ipi?

---

KonaKali alijibu:

Ya pili, kwa sharti moja nitakalolitaja.

Daraja lisikudanganye. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni wimbi la bati lililonyooshwa na kupakwa rangi, namba ni ukubwa wake. Mikwaruzo mitatu na mbonyeo mmoja mdogo ndiyo iliyoipa NB daraja 4 kwa sababu juu inapendeza. S ni kutu. S ya chini kwenye NB ya 2001 bila kusema wapi inaweza kuwa boliti za miguu tu, na inaweza kuwa bati la chini ya mlango. Ikiwa ni C badala ya S, hiyo ni kutu iliyokula bati, usiongeze neno. Mwambie wakala apige picha nne: kila upande, mbele ya tairi la nyuma kwa karibu, na mihimili miwili ya mbele kwa chini. Aulize pia gari lilisajiliwa mkoa gani. Hokkaido na Tohoku zinapata theluji na chumvi. Akikataa kupiga picha za chini, jibu umeshapata.

Kwenye NC, W2 ya bawa la nyuma kulia ndilo sharti lenyewe. Paa gumu linakaa juu ya vipimo vya bodi ya nyuma, na bawa lililonyooshwa vibaya linaweza kulifanya paa likae upande. Omba picha ya nafasi kati ya paa na kioo cha mlango, kulia na kushoto, vioo vikiwa juu. Nafasi zilingane kwa macho. Pamoja na ile video ya paa mara mbili. Vyote viwili vikiwa safi, chukua.

---

SpanaKumi alijibu:

Nami nakubali, ingawa moyo wangu uko kwenye NB. Na S hiyo ikithibitika ni ya boliti tu, NB inarudi mezani kwa nguvu, maana RS ya NB8C inakuja na shokapu za Bilstein na difu ya kuzuia tairi moja kuteleza, na ni nyepesi kuliko NC.

Yoyote utakayochukua, ikishuka bandarini ifanye kwa mpangilio huu. Siku ya kwanza matundu ya maji, kabla ya mvua yoyote. Kisha vimiminika vyote: oili ya injini, giaboksi, difu, breki, klachi, maji ya rejeta. Kwa NB, chungulia silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi, funua kifuko chake cha mpira kwa kidole: ukikuta unyevu ndani imekwisha, hata kama pedali bado ni ngumu. Badilisha kabla haijakuachia njiani, dalili yake ni gia ya kwanza na riverse kukwaruza asubuhi.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto, silinda zisipishane zaidi ya psi 28.

Kisha boliti za alaimenti za miguu ya chini, zile zenye kichwa cha duara chenye alama. Zikishikana na chuma cha bushi hakuna alaimenti itakayofanyika, na chumvi ya hewa ya bahari inaharakisha. Zimwagie dawa ya kulegeza siku mbili mfululizo kabla ya kuzigusa. Zikifunguka, zitoe kabisa, zisugue, zipake grisi ya shaba, zirudishe. Isiyofunguka usiilazimishe kwa bomba refu, kichwa kitakatika na utalazimika kuikata pamoja na bushi.

Betri ya NB iko ndani ya buti, upande wa kulia. Hiyo inahitaji aina yenye kibomba cha kutoa mvuke nje. Ukiweka ya kawaida bila kibomba, mvuke wa asidi unabaki ndani ya buti na unakula sakafu yake. Inua betri utazame chini: rangi ikiwa imebabuka, suuza kwa magadi soda na maji, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo.

Mwisho nta ya kuzuia kutu ndani ya bati la chini ya mlango, kupitia matundu yenye vifuniko vya mpira, kwa mpira mrefu wa kupulizia. Bati liwe kavu kabisa. Liache juani siku nzima milango wazi kwanza, maana nta juu ya maji inayafungia humo humo.

---

Mzizima07 alijibu:

Nimemwandikia wakala usiku huu: picha nne za chini za NB na mkoa iliposajiliwa, video ya paa la NC, na picha za nafasi za vioo pande zote mbili. Tanki la maji la NC nimeshaliulizia Kariakoo. Hawana la Roadster na wamesema la Atenza linafanana, lipo mkononi.

---

KonaKali alijibu:

Usilinunue. Hicho ni kimoja kati ya vile visivyobadilishana, kwa sababu mabomba ya maji yamepangwa tofauti. Agiza la NC lenyewe kwa namba ya chesisi, na liunganishe kwenye kontena au kifurushi cha haraka ili liwe hapa kabla ya gari. Pale Kariakoo nunua koili nne na plagi nne, hizo za Atenza ya LF zinaingia.